Bei ya Neno Lipitalo Chini ya Bahari

Msomaji, siku moja ukipata nafasi ya kusimama juu ya kuta za Fort Jesus mjini Mombasa, itazame bahari kwa makini. Utaona madau, utaona meli, utaona mawimbi yakivunjika mwambani. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote katika bahari ile hutakiona. Chini ya maji, mahali jua lisipofika, imelala mikongo isiyozidi sana unene wa mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Karibu kila neno na kila picha itokayo nchi za mbali na kufika katika simu yako hupita katika nyuzi zile.

Neno halina uzito. Halili chakula njiani, wala halichoshi mabega ya mpagazi. Kwa nini, basi, kulipitisha neno chini ya bahari kulikuwa ghali jana, kukawa rahisi leo, na pengine kutakuwa ghali tena kesho? Nani hupanga bei ya kitu kisichoshikika? Nakuomba tufuatane kulitafuta jibu katika historia, kwa sababu bei hiyo imeamua mara nyingi nani asikike duniani na nani akae kimya.

Tuanze na dau. Nahodha aliyeazimia kusafiri kutoka Lamu hadi Unguja hana budi kununua tanga, kukalafati chombo na kuwapatia mabaharia posho, kabla abiria wa kwanza hajatia mguu ndani. Gharama hizo hazipungui akichukua abiria mmoja, wala haziongezeki sana akichukua ishirini. Naye akiisha kung'oa nanga, nafasi iliyobaki tupu haiwezi kuwekwa akiba iuzwe kesho. Imepotea kama jua la jana. Waya wa baharini una tabia hiyo hiyo, nayo imezidi. Fedha karibu zote hutumika siku ya kuutengeneza na kuulaza. Baada ya hapo, kupitisha neno moja zaidi hugharimu kidogo sana, na saa ambayo waya ulikaa bure hairudi.

Chukua mfano mwepesi. Tuseme waya fulani unataka shilingi milioni 2 kila mwezi ili deni lake lilipwe na mafundi wapate mishahara. Wakiutumia watu 20, kila mmoja atatoa shilingi 100,000. Wakiutumia watu 1,000, kila mmoja atatoa shilingi 2,000 tu. Waya haukubadilika, kilichobadilika ni wingi wa mabega yanayoubeba mzigo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hapa ndipo penye fundo. Mwenye waya husema, "Watumiaji wakiwa wengi nitapunguza bei." Watumiaji husema, "Bei ikipungua tutakuwa wengi." Kila mmoja amesimama mlangoni akimngoja mwenzake atangulie, na mlango haufunguki. Historia ya nyaya za baharini ni historia ya watu waliousukuma mlango huo, na ya wengine waliousukuma kuufunga tena.

Mwezi wa Agosti mwaka 1858 waya wa kwanza uliziunganisha Ireland na Newfoundland chini ya Bahari ya Atlantiki. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais James Buchanan wa Marekani zilikuwa na maneno 98, nazo zilichukua muda wa saa 16 hivi kufika. Piga hesabu: ni kama neno moja kwa kila dakika kumi. Wildman Whitehouse, aliyesimamia umeme wa waya ule, aliona kwamba dawa ya uzito wake ni nguvu, akautia umeme mkali kupita kiasi. Baada ya majuma machache waya ukafa. Mwenzake, William Thomson, alishika njia nyingine. Aliunda chombo cha kupokelea kilichoweza kutambua mkondo mdogo sana wa umeme, akaonyesha kwamba waya hupitisha mengi zaidi ukitendewa kwa upole na masikio ya upande wa pili yakiwa makali. Yaweke maneno hayo moyoni, kwa maana tutayarudia.

Mwaka 1866 meli kubwa iitwayo Great Eastern ilimaliza kulaza waya mpya, ikauokota pia waya uliokuwa umekatika mwaka mmoja kabla yake, hata zikawapo njia mbili. Sasa maneno yalipita kwa mwendo wa maneno 8 hivi kwa dakika. Na bei? Pauni 20 kwa ujumbe wa maneno 20. Pauni moja kwa neno moja, wakati kibarua wa shambani huko Uingereza hakupata pauni moja kwa juma zima! Matajiri na serikali ndio waliosema. Wengine walisoma habari magazetini. Lakini kampuni ilitambua upesi kwamba waya ukikaa kimya hauleti kitu, na kabla ya mwaka ule kwisha ikaipunguza bei kuwa nusu.

Pengine utadhani kwamba tangu hapo bei iliteremka yenyewe, kama maji yafuatavyo mkondo. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1869 Wafaransa walilaza waya wao wa kushindana, na baada ya miaka michache kampuni mbili hizo zikaunganishwa. Mwaka 1884 walitokea John Mackay na James Gordon Bennett wakaleta nyaya zao. Ndipo vilipoanza vita vya bei, na mwaka 1886 neno moja likapita Atlantiki kwa pensi 6. Katika miaka 20 bei ilikuwa imepungua mara arobaini. Walioandika barua za biashara walifurahi, kwa maana wahenga walikwisha sema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini furaha yao haikudumu. Mwaka 1888 washindani wakakaa kitako, wakapatana, na bei ikapandishwa kuwa shilingi moja, yaani mara mbili ya ilivyokuwa. Bahari ilikuwa ile ile, na nyaya zile zile. Kilichoongezeka ni urafiki wa wenye nyaya.

Turudi sasa katika bahari yetu. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu katika vita vya Isandlwana. Habari hizo zilifika London tarehe 11 Februari, karibu majuma matatu baadaye, kwa kuwa Afrika ya Kusini haikuwa na waya wa kuifikisha Ulaya, na ujumbe ulilazimika kupanda meli mpaka kituo cha simu kilichokuwa karibu zaidi. Watawala waliogutuka usingizini hawakuuliza tena kama wateja wangetosha. Serikali ilikubali kulipa ruzuku ya kila mwaka, na kampuni ya John Pender, iliyokuwa imekwisha tandaza nyaya hadi India na Mashariki ya mbali, ikapata sababu ya kuja kwetu. Kabla ya mwaka 1879 kwisha, waya ulikuwa umelazwa kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Mwaka 1890 tawi lake likatoka Unguja likafika Mombasa, wakati Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikijaribu kuishika nchi.

Angalia, msomaji, jinsi mlango ulivyofunguliwa. Mtu mmoja alikubali kulipa kabla wateja hawajaonekana, na mtu huyo alikuwa serikali yenye vita. Aliyelipa ndiye aliyechagua. Waya ulipita Unguja hasa kwa kuwa Unguja ilikuwa njiani, na bei yake, shilingi kadhaa kwa neno, ilipangwa kwa kipimo cha mifuko ya serikali na nyumba kubwa za biashara. Mkulima wa karafuu wa Pemba na mchukuzi wa bandari ya Mombasa walipitiwa na waya huo maisha yao yote, wala hawakuwa na neno hata moja ndani yake. Katika Kiswahili waya huo uliitwa simu, neno ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya. Jina lilienea upesi kuliko kitu chenyewe.

Bei ya juu huwafundisha watu ubahili wa maneno. Wafanyabiashara waliokuwa wakilipa kwa kila neno walitunga vitabu vya mafumbo. Kimoja mashuhuri kilitolewa London na William Clauson-Thue katika miaka ya 1870. Ndani ya vitabu hivyo neno moja lilisimama mahali pa sentensi nzima, kama vile "Tumepokea barua yako, nunua shehena yote." Je, unacheka? Basi wakumbuke wazazi wako walipopata simu za mkononi mwanzoni mwa karne hii. Walipiga simu ikalia mara moja, wakaikata kabla haijapokelewa, na mwenziwe upande wa pili akafahamu kwamba amefika salama. Hilo nalo lilikuwa fumbo la mtu asiyetaka kulipa. Popote bei ipitapo kiasi, akili ya mnyonge huizunguka.

Wenye nyaya nao walijifunza jambo. Mchana nyaya zao zilisongamana, kwa sababu ofisi zote zilikuwa wazi na kila mtu alikuwa na haraka. Usiku zililala kimya. Kuongeza waya mwingine kwa ajili ya saa chache za msongamano kungekuwa sawa na kujenga msikiti wa pili kwa ajili ya sala ya Idi peke yake. Kwa hiyo tangu mwaka 1912 njia nyingi za Dola ya Uingereza zilikubali kupokea ujumbe usio wa haraka, ulioandikwa kwa lugha ya wazi, kwa nusu bei, ili ungoje mpaka nafasi ipatikane. Mwenye haraka alilipa zaidi, mwenye subira alilipa kidogo, na saa zilizokuwa zikipotea bure zikaanza kuleta fedha. Ukiona leo kampuni ya simu ikiuza kifurushi cha usiku kwa bei nafuu kuliko cha mchana, usidhani kwamba ni sadaka. Ni hekima ya zamani iliyovaa nguo mpya.

Mwaka 1970 Kenya ilifungua kituo cha setilaiti huko Longonot, kikawa cha kwanza katika Afrika Mashariki. Sauti na picha zikapanda mbinguni badala ya kuzama baharini. Lilikuwa jambo la fahari, na ni haki kulitaja kwa heshima. Lakini intaneti ilipoingia nchini katika miaka ya 1990, njia ya mbinguni ilionekana kuwa nyembamba mno. Kupata mwendo wa megabiti moja kwa setilaiti kulitaka zaidi ya dola 2,000 kila mwezi, na shirika moja la nchi, Telkom Kenya, lilikuwa na haki ya peke yake juu ya njia za kimataifa mpaka mwaka 2004. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Hapa pana kisa kinachostahili kukumbukwa. Katika siku hizo barua ya mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani yake wa Nairobi, kama walitumia kampuni mbili mbalimbali, ilipanda hadi setilaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, kisha ikarudi tena nyumbani, na kila hatua ililipiwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti ziliweka mjini Nairobi mahali pa kukutanisha nyaya zao, paitwapo KIXP, ili barua ya jirani ipite mlango wa jirani. Shirika lenye haki ya peke yake likalalamika, na tume ya mawasiliano ikaamuru pafungwe baada ya siku chache tu. Palifunguliwa tena mwaka 2002, baada ya mabishano marefu. Hakuna waya hata mmoja uliolazwa baharini kwa ajili ya jambo hilo. Hata hivyo mzigo wa njia ya kimataifa ulipungua. Mara nyingine njia hupanuka kwa kuondoa safari isiyo ya lazima.

Mashirika na serikali za pwani ya mashariki ya Afrika yalikuwa yakizungumza kwa miaka kadhaa juu ya mkongo wa pamoja ulioitwa EASSy. Mazungumzo yalikwama mara kwa mara juu ya swali lile lile la kale: nani atakuwa mwenyewe, na je, asiye na hisa atauziwa nafasi kwa bei ipi? Kenya ilipochoka kungoja, ikashikana na kampuni ya Etisalat ya Falme za Kiarabu pamoja na kampuni za simu za humu nchini, wakaazimia kulaza mkongo wao wenyewe, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. Mwezi wa Juni mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alikuwapo Mombasa kuupokea. Mwezi uliofuata mkongo wa watu binafsi uitwao SEACOM ukatangulia kuanza kazi, na mwaka 2010 EASSy nao ukafuata. Pwani iliyokuwa bila mkongo wa nyuzi za kioo hata mmoja ikawa na mitatu katika muda wa mwaka mmoja na kitu.

Bei ya jumla ikaporomoka kutoka maelfu ya dola hadi mamia, ikaendelea kuteremka. Lakini wanunuzi wa rejareja, yaani mimi na wewe, tulishangaa: ankara za mwezi hazikupungua kwa kipimo kile. Kampuni nyingi ziliongeza mwendo badala ya kupunguza bei, zikieleza kwamba zina madeni ya kulipa na nyaya za nchi kavu za kutandaza. Maelezo hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, kwa maana neno likifika Mombasa bado lina safari ya kwenda Kisumu, Garissa na Lodwar. Lakini kweli nyingine ni kwamba hakuna mfanyabiashara ampunguziaye mteja bei asipoona duka la pili likifunguliwa ng'ambo ya barabara.

Sasa turudie maneno niliyokuomba uyaweke moyoni. Mkongo ukijaa, si lazima kulaza mwingine. Katika miaka ya 1870 mafundi waligundua namna ya kupitisha ujumbe mmoja ukienda na mwingine ukirudi kwa wakati mmoja katika waya ule ule. Vivyo hivyo katika siku zetu, mikongo iliyolazwa mwaka 2009 na 2010 imeongezewa nguvu kwa kubadilisha mitambo ya nchi kavu tu, ili uzi mmoja wa kioo ubebe rangi nyingi zaidi za mwanga. Kioo kilichoko baharini hakikuguswa. Njia hiyo hugharimu sehemu ndogo ya gharama za mkongo mpya. Kwa hiyo mwenye mkongo akikuambia kwamba bei ni kubwa kwa kuwa njia imejaa, una haki ya kumwuliza: je, imejaa bahari, au imejaa mitambo yako ya mwaka juzi?

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kudharau mkongo wa ziada. Mwezi wa Februari mwaka 2012 meli moja ilitia nanga mahali palipokatazwa karibu na Mombasa, ikaukata TEAMS, siku chache tu baada ya mikongo mingine kukatika katika Bahari ya Sham. Mwezi wa Mei mwaka 2024 EASSy na SEACOM ilikatika pamoja upande wa Afrika ya Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hizo ndipo mtu hufahamu kwamba nafasi iliyoonekana tupu na hasara ilikuwa bima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mikongo mingine imeendelea kuja, kama PEACE uliofika Mombasa mwaka 2022, na kila mmoja huleta faida mbili: huongeza nafasi, na huwanyima wenye mikongo ya zamani raha ya kuwa peke yao.

Je, tumejifunza nini? Kwanza, kwamba bei ya neno haikufuata gharama ya kulipitisha. Ilifuata idadi ya milango iliyokuwa wazi. Mwaka 1886 na mwaka 2009 ziliteremka kwa sababu moja, na mwaka 1888 ilipanda kwa kuwa milango ilifungwa kwa mapatano. Pili, kwamba njia mpya huanzishwa na mtu aliye tayari kulipa kabla ya wengine, naye huielekeza anakotaka. Mwaka 1879 aliyelipa alitaka habari za vita. Mwaka 2009 tulilipa sisi, na kwa mara ya kwanza mkongo ukaja Mombasa kwa kuwa Mombasa ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari.

Lakini kazi haijesha. Mwanafunzi mwenzako wa Mandera anakaa mahali ambapo mabega ya kuubeba mzigo ni machache na njia ya nchi kavu ni ndefu. Ukiachia hesabu ya biashara peke yake iamue, atakuwa kama yule mkulima wa karafuu wa Pemba, aliyepitiwa na waya asiupate. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2009 iliweka mfuko ambao kampuni za mawasiliano huuchangia, ili huduma ifike mahali ambapo faida haifiki. Mfuko huo ni jibu jema, nao unataka macho ya raia wa kuulinda.

Msomaji, huenda kesho utakuwa mhandisi, au mfanyabiashara, au mbunge atakayepiga kura juu ya mambo haya. Siku hiyo usiulize tu njia ina upana gani. Uliza ni ya nani; uliza kama iko ya pili; uliza saa zake tupu hutumiwaje; kisha uliza nani amesimama nje. Mwenye kuyajua majibu ya maswali hayo manne hawezi kuuziwa upepo kwa bei ya dhahabu.